Elki wa milima ya Garnet

Binti yangu alikuwa anachambua maharage juzi jioni, akaniuliza bila kuinua uso: "Mama, siku ile ya elki uliogopa?" Ameiona kwenye simu yangu picha ya siku niliyowinda elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu. Nimepiga magoti kwenye theluji, nimevaa fulana ya rangi ya chungwa, na uso wangu si wa mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Nikamjibu ndiyo, niliogopa. Akataka kujua kama elki huwavamia watu. Nikamwambia si yeye niliyemwogopa. Akaridhika, akaendelea na maharage yake. Mimi usiku ule sikulala mapema.

Oktoba haijawahi kuwa mwezi wa kawaida kwangu. Uvira, mji wa kwetu Kivu Kusini, mashariki ya Kongo, ilianguka vitani Oktoba 1996, nikiwa na miaka kumi, na muda si mrefu sisi wa Fizi nasi tukavuka ziwa Tanganyika usiku kwenda Kigoma. Sasa huku Montana, Marekani, mwisho wa Oktoba ndipo msimu wa bunduki wa ayala (deer) na elki unapofunguliwa, na huendelea wiki tano, hadi Jumapili inayofuata Siku ya Shukrani. Wiki hizo tano mtu ukikaa pembeni ya mji unasikia milio milimani tangu alfajiri. Mwaka wa kwanza tulipofika Missoula nilikuwa nazima redio ili nisikilize inatokea upande gani.

Msitu nao nilikuwa naujua kwa namna yangu. Kwa wasichana wa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi tuliyokaa Tanzania, msitu ni kuni. Tuliondoka gizani kwa makundi, wenye panga mbele na nyuma, na hakuna aliyeruhusiwa kubaki nyuma hata kufunga kiatu, maana wapo waliobaki nyuma na tukajua yaliyowapata. Kaka yangu aliwahi kutega paa nje ya mpaka wa kambi, akakamatwa, tukakaa muda mrefu bila kumwona. Ya mjomba aliyekuwa akiwinda kule Fizi, na mbwa wake waliovaa njuga za mbao shingoni, yalikuwa yamebaki hadithi ya mama. Kwa hiyo mtu angeniambia kwamba siku moja nitaingia porini kwa hiari, tena mimi ndiye mwenye bunduki, ningeona ananitania.

Ilianza kwa nyama ya kusaga. Yule bibi niliyekuwa nafua naye mashuka (watoto wangu wanamwita Bibi, nami namwita hivyo hivyo) aliniletea furushi la karatasi nyeupe lililoandikwa tarehe kwa kalamu. Nikaipika na nyanya na pilipili. Ilikuwa nyama isiyo na mafuta, nyekundu sana, na ilikuwa na ladha ambayo nyama ya dukani huku haina. Nikamuuliza ameinunua wapi, nami niende. Akasema nyama ya porini hairuhusiwi kuuzwa. Ama uende mwenyewe, ama mtu akupe. Maneno hayo nilirudi nayo nyumbani. Nchi hii ambayo kila kitu kina bei, kumbe kipo kitu ambacho hata tajiri akikitaka lazima apande mlima.

Hatua za mwanzo nazieleza upesi, kwa sababu ndizo dada zangu wengi huniuliza. Mkazi wa Montana ni aliyekaa siku 180 mfululizo. Kabla ya hapo unatozwa kama mgeni, na bei ya mgeni ni kubwa mno. Mimi kama mkazi nililipia leseni ya elki dola 20 na ya ayala dola 16, pamoja na ada ndogo mbili tatu. Aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1985 lazima apite darasa la usalama wa uwindaji. Mimi ni wa 1986, nikaenda. Nilikaa mstari wa mbele kati ya vijana wadogo na baba zao. Kila bunduki ihesabu ina risasi. Mdomo wake usielekee usichotaka kukiua. Kidole kikae nje ya kifyatulio hadi uwe umeamua. Jua unachokipiga na kilicho nyuma yake. Nilipoandika hiyo ya pili mkono ulitetemeka kidogo, kwa sababu watu niliowahi kuwaona na bunduki hawakufundishwa hivyo.

Kilichonichukulia muda zaidi ni ramani. Mtu wa kwetu akija huku anaona milima mitupu, anadhani ni ya wanyama tu. Kila kipande kina mwenyewe. Kuna msitu wa taifa na ardhi nyingine ya umma, ambayo mtu yeyote anaingia, hata mimi, bila kumwomba mtu. Kuna mashamba ya wafugaji, ambayo lazima uombe. Nguzo ya uzio iliyopakwa rangi ya chungwa maana yake usipite, na rangi hiyo hiyo ndiyo sheria inataka uivae juu ya kiuno, inchi za mraba 400, ili mwindaji mwingine ajue wewe ni binadamu. Bibi alinifundisha kusoma mipaka hiyo jioni nyingi, ramani imetandazwa kwenye meza ya kukunjia mashuka. Alinionyesha pia njia ya zamani ya Wasalish, wenyeji wa asili wa huku, waliokuwa wakipita bonde la mto Blackfoot kwenda kuwinda nyati wa tambarare. Walitia saini mkataba wa Hellgate mwaka 1855, na mwaka 1891 waliokuwa wamebaki bonde la Bitterroot wakahamishwa kaskazini. Nilimuuliza walihamishwa kwa miguu? Akasema wengi, ndiyo. Niliitazama ile ramani upya baada ya hapo, na mpaka leo siwezi kuitazama kama zamani.

Ayala nilimpata msimu uliotangulia, dume dogo la mkia mweupe, karibu na barabara, na mlio ulipotea kwenye upepo mkali. Hilo lilipita. Elki ndiye ninayetaka kumwandika.

Nilikuwa na leseni ya jike, ile inayoombwa kwa bahati nasibu, na maombi hufungwa tarehe 1 Juni. Tuliacha gari saa kumi na moja alfajiri chini ya milima ya Garnet, mashariki ya Missoula. Theluji ilikuwa juu ya kifundo cha mguu. Kupiga kunaruhusiwa kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza, lakini elki lazima umwahi kabla ya hapo, maana alfajiri anatoka malishoni kwenda kulala kwenye miti minene. Bibi alibonyeza kichupa cha unga mweupe kuona upepo unakoelekea, unga ukaja usoni kwetu. Usiku hewa ya mlimani hushuka bondeni, jua likipasha inapanda, kwa hiyo asubuhi unamfuata kutoka chini. Mama anasema mjomba alikuwa akidondosha majivu kwa kazi hiyo hiyo.

Tulitembea bila taa mara tulipoanza kuona mikono yetu. Nyayo zilikuwapo, pana na za mviringo, ukingo wake bado laini. Kisha Bibi akashuka chini taratibu, nami nikashuka. Ng'ambo ya kijito, kwenye uwazi katikati ya miti ya lachi iliyokwisha kupukutisha sindano zake, walikuwa wamesimama. Nilihesabu hadi kumi na moja nikaacha. Mvuke ulikuwa unawatoka puani. Waliitana kwa mlio mwembamba ambao sikuutegemea kutoka kwenye mnyama wa zaidi ya kilo mia mbili, mlio kama wa kifaranga anayemtafuta mama yake.

Nililala kifudifudi, bunduki juu ya begi. Bibi alininong'oneza: "Wa kushoto, aliye peke yake. Subiri ageuke." Nikasubiri. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wa udongo wa mlima, hapakuwa na ndama, hapakuwa na mwingine. Ndani ya darubini niliona manyoya ya shingo yake, meusi kuliko ya mwili, na theluji iliyoshika kwenye kidevu. Aligeuka ubavu. Nilipumua nje, nikabaki bila hewa, nikavuta.

Kwenye uwanja wa mazoezi nilikuwa napiga nimeziba masikio. Kwa ayala kulikuwa na upepo. Asubuhi hiyo hapakuwa na kitu kati yangu na ule mlio. Uligonga mlima wa mbele, ukarudi, ukagonga wa nyuma, ukarudi tena, na kila uliporudi ulikuwa wa zamani zaidi. Mwili wangu ukajibana kwenye theluji. Niliminya uso chini. Nilijua kabisa kwamba niko Montana, nilikuwa naijua siku na tarehe, lakini mgongo wangu haukujua.

Ndipo Bibi aliponiwekea mkono mgongoni, kati ya mabega. Baada ya kupiga mwindaji hainuki, anatulia, anamwacha mnyama alale mwenyewe, na yeye alitaka tu nitulie. Hangeweza kujua. Hapo ndipo mama aliponiwekea mkono wake usiku wa mtumbwi, akanilaza kifudifudi kwenye maji yaliyokuwa sakafuni, akanibana nisiinue kichwa huku milio ikitoka ufukweni. Pahali pale pale, kwa uzito ule ule. Nimekaa miaka na kumbukumbu ya usiku ule nikiwa nakumbuka sauti, baridi na harufu ya samaki kwenye mbao, na mkono huo sikuwahi kuukumbuka hata mara moja. Ulirudi siku hiyo.

Nililia. Bibi hakuondoa mkono wala hakuuliza. Sijui tulikaa kwa muda gani. Jua lilikuwa limegusa vilele tulipoinuka.

Elki alikuwa amekwenda hatua chache tu akaanguka. Risasi ilikuwa imepita mapafu. Bibi alimgusa jicho kwa ncha ya fimbo, hakupepesa. Niliweka kiganja shingoni, joto lilikuwa bado lipo ndani ya manyoya, nikasali kwa Kiswahili sala fupi ambayo itabaki yangu. Hapo ndipo picha ile ilipopigwa. Kisha papo hapo tukaweka alama ya siku na mwezi kwenye tagi ya leseni, tukaifunga mguuni, kama sheria inavyotaka.

Kuchuna sikuhitaji kufundishwa, mbuzi wa Nyarugusu walinifundisha. Tulichuna upande mmoja, tukatoa mkono na paja, tukachomoa mnofu mrefu wa mgongoni, tukamgeuza. Mmoja akikata, mwingine alisimama na kopo la pilipili ya kupulizia akiangalia miti, kwa sababu bonde hilo lina dubu wakubwa na wao wameshajua mlio wa bunduki wakati mwingine maana yake ni chakula. Paja moja tu lilikuwa mzigo wa kuuma mabega. Nililifunga kwa mkanda nikaupitisha kwenye paji la uso, tunavyobeba sisi wanawake wa Kivu, nikateremka nalo. Tulirudi kuchukua mengine hadi giza likataka kuingia. Kichwa tulikipeleka kipimwe ule ugonjwa unaokondesha ayala na elki, uliogunduliwa Montana kwa wanyama wa porini mwaka 2017; majibu yalipokuja kuwa hana, tukaanza kula.

Nyama ilipita kilo 60. Sehemu nyingine niliikausha kwa moshi nyuma ya nyumba, nikaipika na sombe (majani ya muhogo) na mawese, na bugali pembeni. Jumapili ile watu wa kanisani walikaa hadi kwenye ngazi. Mzee mmoja alishika kipande kwa muda mrefu kabla ya kula, akasema hajaonja nyama ya msituni tangu aondoke Itombwe. Kidari nilimpa mama, kama mjomba alivyokuwa akimpelekea babu. Alipokea kwa mikono miwili.

Usiku, wageni walipoondoka, nilimweleza habari ya mkono. Nilidhani atakumbuka. Alisema yeye usiku ule alikuwa amemshika mdogo wangu mdomo asilie, mikono yote miwili, na aliyenilaza chini huenda ni mama mwingine aliyekuwa nyuma yetu. Alimtaja kwa jina la mtoto wake. Hatujui kama alifika. Nimeuliza Kigoma, nimeuliza watu waliopelekwa Australia na Norway. Bado sijapata wa kunijibu.

Swali la binti yangu sikulijibu lote, na bado sijui nusu iliyobaki nimwambie lini. Kila msimu naomba tena leseni ya jike, na kila nikivuta pumzi ya mwisho mgongo unajiandaa. Rafiki yangu mmoja wa Nyarugusu, anayewinda Idaho, anasema kwake kulikwisha baada ya mwaka wa pili. Mwingine ameacha kabisa, na sina la kumlaumu. Mama anakula nyama, anaisifu, anaigawa kwa majirani kwa mkono wake, lakini amekataa bunduki ilale kwenye nyumba anayolala yeye, na sijamwomba abadili neno. Inakaa kwa Bibi, ndani ya kabati la chuma, nami Oktoba ikifika naenda kuichukua huko.