Nilivyopima Choo na Kuyaelewa Majibu Yake

Kipimo cha choo kinachotumika kuchunguza saratani ya utumbo mpana, katika aina yake ya kawaida, hakiitafuti saratani yenyewe. Kinatafuta damu isiyoonekana kwa macho, kwa sababu uvimbe na vinyama vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo huvuja damu kidogo kidogo, tena si kila siku. Nilipoamua kupima, nikiwa nimevuka miaka 50 na sina dalili yoyote, jambo hilo ndilo lililonifanya niulize maswali mengi kabla ya kulipa.

Swali la kwanza lilikuwa aina ya kipimo. Kile cha zamani huitikia hemu, sehemu ya damu yenye chuma, hivyo nyama nyekundu inaweza kukifanya kionyeshe damu isiyo yako, na vitamini C nyingi inaweza kuificha iliyopo. Kipya hutumia kingamwili zinazotambua globini, yaani protini ya damu, ya binadamu. "Mama, kwa hiki endelea kula kama kawaida," aliniambia mtaalamu wa maabara, nami nikakichagua.

Kisha nikataka kujua kinakosea mara ngapi. Uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba kipimo hiki kikifanywa mara moja hugundua saratani takriban 79 kati ya kila 100, na kwamba asilimia 94 hivi ya wasio na saratani hupata majibu hasi. Nilichukua karatasi nikapiga hesabu: tuseme watu 1,000 wamepima na watano kati yao wana saratani, wanne watagunduliwa, mmoja ataambiwa hana kitu, na karibu 60 wasio na saratani watapata majibu chanya. Hesabu hiyo ilinisaidia kuliko maelezo yote niliyopewa, maana ilinionyesha kwa nini majibu hasi hurudiwa kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, na kwa nini majibu chanya si hukumu. Kwa vinyama ambavyo bado havijawa saratani, uwezo wake ni mdogo zaidi: katika utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada wa mwaka huohuo, kiligundua takriban robo tu ya vile vilivyo hatari. Katika utafiti huohuo, kipimo cha vinasaba vya kwenye choo kiligundua saratani kwa asilimia 92 dhidi ya 74 za hiki, lakini nacho kiliwashtua bure watu wengi zaidi.

Jambo lililonihangaisha zaidi ni joto la jiji letu. Globini huharibika sampuli ikikaa kwenye joto, na hapo damu iliyokuwepo inaweza isionekane. Nilichukua sampuli asubuhi kabla haijagusa maji wala mkojo, nikaifunga kwenye kichupa chake chenye dawa ya kuihifadhi, nikaiweka kwenye mfuko wenye barafu, nikaifikisha maabara kabla jua halijakolea. Anayekaa mbali na kupanda daladala mbili mchana wa Februari anastahili kuelezwa hili na mhudumu bila kuuliza.

Majibu yangu yalikuwa chanya. Daktari alinieleza kwamba bawasiri, minyoo ya safura na kichocho cha tumbo navyo vinaweza kuleta damu kwenye choo, lakini alikataa katakata kurudia kipimo kilekile ili tuone kama kitabadilika, kwa kuwa hasi ya pili haifuti chanya ya kwanza. Nilipangiwa kolonoskopi, yaani kuchunguzwa utumbo mpana kwa mrija wenye kamera. Kunywa dawa ya kusafisha tumbo usiku kucha kulichosha kuliko kipimo chenyewe. Walikuta kinyama kimoja, wakakikata papo hapo na kukipeleka kuchunguzwa. Hakikuwa saratani, bali cha aina inayoweza kugeuka saratani baada ya miaka.

Wifi yangu alitaka naye aanze na kipimo cha choo, ilhali alikuwa akiona damu na kupungua uzito. Nilimsihi amweleze daktari dalili hizo kwanza, naye akapelekwa moja kwa moja kwenye kolonoskopi. Mimi sasa sifuatiliwi tena kwa kipimo cha choo. Nitarudia kolonoskopi kwa tarehe aliyoipanga daktari kulingana na ukubwa na aina ya kinyama kilichotolewa.