Siku moja Den Helder: kungoja upepo utulie

Saa 11:00 alfajiri. Sijavaa hata viatu, nimeshausikia. Upepo wa Novemba hapa Den Helder, bandari ya Uholanzi, haupigi hodi. Unapiga mluzi kwenye nyaya za mlingoti, nami kitandani najua asubuhi hii hatutoki. Mimi ni baharia wa sitaha kwenye meli inayopeleka mafundi kwenye mitambo ya umeme wa upepo, Bahari ya Kaskazini. Nimezaliwa Lamu. Nafanya kazi wiki nne, napumzika wiki nne.

Saa 12:00. Chai ya tangawizi (nabeba mwenyewe, ya hapa ni maji ya moto yenye rangi), kisha gatini kuunga mpira wa maji safi. Kiungo cha shaba kimekaza, glavu zinateleza, na nikizivua vidole vinakufa ganzi. Tangi likijaa natazama ng'ambo, kisiwa cha Texel. Enzi za VOC, ile Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1602, meli kubwa hazikuweza kufika Amsterdam na shehena kamili kwa sababu kina cha maji ya huko kilikuwa kidogo. Zilitia nanga upande wa mashariki wa Texel, tishali zikaziletea mizigo. Maji ya kunywa yalitoka visima vya kisiwani, mali ya nyumba ya mayatima. Yalikuwa na madini mengi ya chuma, yakakaa mapipani muda mrefu bila kuharibika, kwa hiyo manahodha waliyanunua. Mimi leo nafungua bomba tu.

Saa 1:30. Kikao. Mawimbi huko nje ni mita 3.1, na kikomo chetu ni mita 2.5. Nahodha anasema neno moja: tungoje. Mafundi wanarudi kwenye kahawa yao.

Saa 3:00. Kupaka grisi, kukagua kamba, kufagia chumvi. Serahangi wetu, mkuu wa mabaharia wa sitaha, ni mzee wa huku huku, na akishika kamba mdomo nao unafunguka. Leo kanisimulia Krismasi ya mwaka 1593. Meli zaidi ya 100 zilikuwa nangani pale Texel zikingoja upepo mzuri, dhoruba ikaingia usiku, zikazama kama 40. Mfanyabiashara mmoja wa Amsterdam, Roemer Visscher, alipata hasara humo. Miezi mitatu baadaye akazaliwa binti yake, akamwita Maria Tesselschade, yaani Maria Hasara-ya-Texel. Nikacheka, nikamwambia kwetu mtoto kuitwa Shida au Tabu si ajabu. Na huyo Maria alikua mshairi wa kuheshimika.

Mchanga wa pale bado una meli nyingi. Mwaka 2014 wapiga mbizi walitoa gauni la hariri la karne ya 17, limekaa chini ya maji miaka hiyo yote na bado ni gauni. Liko makumbusho ya Kaap Skil, kijiji cha Oudeschild. Nimelitazama mara mbili.

Saa 6:00 mchana. Nampigia mama.

"Masalkheri mama."

"Aheri mwanangu. Bahari yasemaje huko?"

"Twangoja upepo utulie."

Kimya kidogo, kisha kicheko. "Babu yako alikuwa akingoja uvume!"

Kweli. Babu akishapakia boriti alikaa Lamu kungoja kusi impeleke Uarabuni. Wa Texel nao walingoja upepo wa mashariki uwatoe, wiki baada ya wiki. Mimi naenda kuhudumia mitambo inayokula upepo, na upepo wenyewe ndio unaonizuia gatini.

Saa 7:50. Mita 2.3. Tunafungua kamba. Mkondo wa Marsdiep, mlango wa bahari kati ya Den Helder na Texel, unatusukuma ubavuni, kisha tunashika kusini.

Saa 11:00 jioni. Giza, taa nyekundu juu ya mitambo. Shamba la kwanza la upepo baharini Uholanzi lilizinduliwa rasmi pwani hii, karibu na Egmond aan Zee, mwaka 2007, na lilikuwa na mitambo 36. Kompyuta inaziamuru propela zishike meli mahali pamoja. Halafu daraja la kuvushia mafundi. Hili ni wazo la wahandisi wa Delft: walichukua jukwaa la kufundishia marubani wa ndege, lenye silinda sita za haidroliki, wakaligeuza kazi. Lile linatikisa kilichotulia, hili linatuliza kilichotikisika. Nimesimama kwenye mguu wake: sitaha inapanda na kushuka chini yangu, silinda zinahema, na ncha ya daraja imegusa chuma cha mtambo kama mkono uliowekwa begani. Fundi anavuka na kikombe mkononi (hairuhusiwi, nimemwambia). Kahawa haikumwagika.

Saa 12:00. Zamu imekwisha. Kwenye daftari kuna safu yake kabisa, "kungoja hali ya hewa". Nimeandika: saa 6, dakika 20.