Jinsi nilivyowaondolea wanafunzi wangu Wachina kosa la "big rain"

Wanafunzi wangu wa Guangzhou, ingawa walikuwa wamekariri msamiati mgumu wa Kiingereza, waliendelea kuandika "big rain" na "learn knowledge" badala ya "heavy rain" na "acquire knowledge", kwa kuwa Kichina husema dàyǔ, yaani mvua kubwa (nasi Waswahili tusiwacheke), na xuéxí zhīshi, yaani kujifunza maarifa. Orodha za kialfabeti zinazoanza na "abandon" hazikusaidia, wala kadi zenye tafsiri ya neno mojamoja.

Hatimaye niliifuta tafsiri hiyo, nikaandika mbele ya kadi sentensi ya Kiingereza yenye pengo, na nyuma jozi kamili: "heavy rain", "acquire knowledge". Mwanzoni pengo nililiweka kwenye nomino, wakalijaza bila kufikiri. Nilipolihamishia kwenye "heavy" na "acquire", ndipo makosa yalipoanza kupungua katika insha zao.