Nilivyounda stelingi ya hotrodi yangu: mikono, draglinki na ile panhadi

Watu wakiona hotrodi (gari ya zamani iliyoundwa upya) swali la kwanza ni injini gani hiyo. Mi naona injini ndo kitu rahisi kuliko vyote, unainunua nzima, unaifunga, inawaka. Kilichoninyima usingizi ni stelingi, maana ukishachukua bodi ya zamani ukaikalisha juu ya chesisi uliyochomelea mwenyewe, mbele ukafunga ekseli nzima inayobebwa na springi moja iliyokingama, hakuna gari iliyowahi kutoka kiwandani na vipimo vyako, kwahiyo hakuna spea ya kwenda kununua ikaingia moja kwa moja. Lazima uunde.

Nianze na nilichokataa kuunda. Tairod endi (zile jointi za boli kwenye ncha za tairodi), jointi za shafti ya stelingi, na steling boksi yenyewe, ile inayopokea mzunguko wa usukani na kusukuma mkono, hivi nilinunua vya kiwandani na sikutaka mjadala. Boli (ile tufe) ndani ya tairod endi imefuliwa na kuimarishwa kwa moto kwa namna ambayo mi na grenda yangu hatuwezi. Nilichounda ni vitu vya katikati: bracketi ya boksi, mikono miwili ya magurudumu, tairodi ndefu inayounganisha magurudumu mawili ya mbele, draglinki inayotoka kwenye boksi hadi gurudumu, panhadi inayozuia ekseli isitembee pembeni, na ile njia ya shafti kutoka kwenye usukani hadi chini.

Kuhusu boksi, Wamarekani wanapenda sana ile ya Chevrolet Vega ya miaka ya 1970, ndogo, nyepesi, na wengine wanafunga reki (stelingi ya fimbo yenye meno) ya Mustang II. Reki mi niliiacha haraka, ile ni ya gari ambayo kila gurudumu la mbele linapanda kivyake, ukiifunga kwenye chesisi halafu ekseli ni nzima, kila shimo litakuwa linakukatia kona bila kuomba ruhusa. Na boksi ya Vega imetengenezwa ikae kushoto, yangu usukani uko kulia, nikachukua boksi ya pikapu ndogo yenye usukani wa kulia ikaisha.

Sasa kabla hujachomelea chochote, weka boksi kwenye vaisi, zungusha upande wa kulia, angalia mkono wake unaenda wapi. Hii inaonekana kitu kidogo lakini ndo inaamua gari itakata kulia au kushoto. Yangu shafti ya chini ukiitazama kwa juu inazunguka kama mshale wa saa ukikata kulia, na gurudumu nalo likikata kulia linazunguka hivyohivyo, maana yake mkono wa boksi na mkono wa gurudumu lazima vitazame upande mmoja, vyote nyuma au vyote mbele. Ukigeuza kimoja tu umeunda gari ya sarakasi.

Nilivitazamisha vyote nyuma, na sababu ni kanuni ya Ackermann. Kwenye kona gurudumu la ndani linatakiwa likate zaidi kuliko la nje, kwa sababu linazunguka duara dogo. (Jina lenyewe lina uonevu kidogo, aliyebuni ni Lankensperger, fundi wa mabehewa wa Munich, Ackermann alikuwa wakala wake tu Uingereza, akaandikisha hataza 1818 na jina likabaki lake.) Njia ya kupata kona hiyo haina hesabu kubwa. Niliweka gari kwenye stendi, ikakaa levo, nikashusha timazi kutoka katikati ya kila kingpini (pini ambayo gurudumu linageukia) nikaweka alama sakafuni, nikashusha nyingine katikati ya ekseli ya nyuma, halafu nikavuta uzi kutoka alama ya kingpini hadi ile ya nyuma. Tundu la tairodi kwenye mkono linatakiwa kukaa juu ya uzi huo, yaani mikono inaingia ndani kidogo ikielekea nyuma. Ukitaka mikono itazame mbele inabidi itanuke kwenda nje, na huko nje kuna rimu na breki, nafasi haipo, ndo maana unaona hotrodi nyingi zenye tairodi mbele zinalia tairi kwenye kona za taratibu.

Mikono nilikata kwanza ya plaiwudi. Nikaifunga, nikaweka tairodi ya fimbo ya mbao, nikakata usukani mwisho kulia mwisho kushoto, nikaona inapogusa, nikakata nyingine. Plaiwudi haiumi mfuko wala roho. Ilipokubali ndo nikahamisha alama kwenye bamba la chuma laini la milimita 20. Hapa kuna ubishi, nimeambiwa sana nitumie chuma cha springi kwa kuwa "kigumu". Ugumu sio ninachotaka. Chuma cha springi ukikikata kwa gesi au ukikigusa na weldingi pembeni panakuwa kama kioo, kinavunjika bila kukuonya, wakati chuma laini kikizidiwa kinapinda kwanza na utaona stelingi imekaa upande. Nataka kitu kinachopinda.

Mikono haina weldingi hata tone. Inafungwa kwenye spindeli (kile kipande kinachobeba gurudumu) kwa boliti mbili za daraja la 10.9 kwenye matundu yaleyale ya kiwandani, na kila kona ya ndani niliizungusha kwa drili kwanza ili pasiwe na kona kali, nyufa zinapenda kona kali. Mikwaruzo ya grenda nilisugua yote kwa msasa kufuata urefu wa mkono, isiwepo inayokatisha.

Tundu la tairod endi sio la mviringo ulionyooka, limebana juu au chini kama tairodi inavyoingia. Mteremko wa kawaida ni 1 kwa 8, lakini ipo mingine, na ukitumia rima (kifaa cha kupanua tundu) ya mteremko mwingine pini itakaza kwenye ukingo mmoja tu na kulegea taratibu barabarani. Nilimpelekea fundi wa kukereza mikono pamoja na tairod endi zenyewe. Mzee yule akachukua wino wa bluu, akapaka kwenye koni ya pini, akaiingiza, akazungusha kidogo akaitoa, akanionesha ndani ya tundu: bluu juu, bluu chini, katikati cheupe. "Kijana wangu, hii bado, ngoja." Akapitisha rima tena kwa mkono, taratibu, akapaka tena, mpaka bluu ikashika kuta zote. Angalia na nati pia, ikikaza lazima pini ibaki na nafasi ya kuingia zaidi, isiwe nati imefika mwisho wa nyuzi ukadhani imebana kumbe haijabana kitu, halafu tundu la kotapini, ile pini ya kuzuia nati isifunguke, liwe linaonekana kwenye meno ya nati.

Tairodi na draglinki ni bomba nene lisilo na mshono, mwisho kila upande nimeingiza kipande cha chuma kilichokerezwa chenye nyuzi ndani, kimechomelewa kuzunguka na pia kupitia matundu mawili ubavuni. Nyuzi upande mmoja za kulia upande mwingine za kushoto, hivo ukitaka kurekebisha unalegeza nati za kufungia unazungusha bomba tu bila kuchomoa kitu. Tairod endi iingie angalau mara moja na nusu ya kipenyo chake, nyuzi za milimita 18 zinataka 27 ndani, chini ya hapo mi simo.

Haya sasa tuje kwenye panhadi, maana hapa ndo stelingi ya ekseli nzima inapofia au kupona, na ni kitu watu wanakifunga mwisho kabisa wakati mwingine popote palipobaki nafasi.

Draglinki yangu inatoka kwenye boksi kulia inakatisha chini ya sampu ya oili ya injini hadi mkono wa gurudumu la kushoto. Gari ikipita kwenye tuta ekseli inapanda, boksi iko kwenye chesisi haipandi, kwahiyo ncha ya kushoto ya draglinki inachora upinde. Panhadi nayo kazi yake ni kuzuia ekseli isitembee kushoto na kulia, imeshikwa upande mmoja kwenye chesisi na mwingine kwenye ekseli, na yenyewe inachora upinde wake. Pinde hizi zikifanana, ekseli na draglinki vinasogea pamoja na gurudumu halijui kitu. Zikitofautiana, draglinki inasukuma gurudumu, gari inajikatia yenyewe na usukani umeushika umetulia. Kwahiyo panhadi ishikwe kwenye chesisi upande uleule wa boksi, kwenye ekseli upande uleule draglinki inapoishia, urefu ukaribiane na mlalo uwe mmoja. Na kama springi yako imekingama na shekoli zake (viungo vinavyoshika ncha za springi) usidhani itaizuia ekseli, shekoli zinayumba, draglinki itaisukuma ekseli nzima kabla haijasukuma gurudumu.

Kati ya urefu na mlalo, mlalo ndo mkubwa. Chukua panhadi ya milimita 600 iliyolala levo kabisa, panda 50, ncha inasogea kama 2 tu. Draglinki ya 900 nayo levo itasogea 1.4, tofauti haifiki hata milimita moja, haiumi. Sasa chukua ileile ya 600 lakini imeinama digrii 10 upande wa ekseli uko chini, ukipanda 50 inasogea kama 6.7, ukishuka 50 inasogea 11. Kama draglinki yako iko levo na panhadi iko hivyo, basi umeipa gari akili yake. Ndo maana bracketi ya panhadi nilitoboa matundu kadhaa kwa kwenda juu, ili mlalo niutafute gari ikiwa imesimama na uzito wake kamili.

Kupima nilifanya hivi. Usukani nimeufunga usitembee, springi nimetoa, ekseli iko juu ya jeki mbili. Nikafunga ubao mrefu ulionyooka kwenye habu ya gurudumu la kushoto, ukaenda mbele na nyuma, nje yake nikavuta uzi sambamba na chesisi. Napandisha ekseli kidogokidogo, kila hatua napima kutoka ubao hadi uzi, mwisho wa mbele na mwisho wa nyuma. Vipimo vyote viwili vikiongezeka sawa hiyo ni ekseli inasogea pembeni, sawa tu, panhadi inafanya hivyo. Kimoja kikiongezeka na kingine kikipungua, gurudumu limekata. Nilishusha panhadi tundu moja, nikapima, nikashusha lingine, mpaka mbele na nyuma zikawa zinatembea pamoja toka chini hadi juu. Usiku huo nililala.

Bracketi ya boksi nitapita haraka. Bamba la milimita 10, chesisi ni bomba la pembe nne kwahiyo kila boliti inapita ndani ya kibushi cha bomba kilichochomelewa pande zote mbili, la sivyo ukikaza unaiminya chesisi na kesho boliti imelegea. Na nikaweka mkono wa kuishikiza hadi kwenye krosimemba (chuma kinachokatisha chesisi), ukikata stelingi gari imesimama boksi inasukuma kwa nguvu ambayo utaiona kwa macho kama bamba linacheza.

Shafti ya juu ndo ilinichezesha na ekzosti. Jointi mbili tu zilikuwa hazitoshi kukwepa hedaz (mabomba ya ekzosti yanayotoka kwenye injini), nikaweka tatu, na jointi zikiwa tatu lazima katikati kuwe na beringi ya kushikilia shafti, vinginevyo itakuwa inapiga kamba hewani wewe unazungusha usukani. Kila jointi niliiweka chini ya digrii 30, na zile uma zake nikazipanga zifuatane, ukizikosea usukani unakuwa mwepesi mzito mwepesi mzito kwenye mzunguko mmoja. Skrubu za jointi zinataka kishimo kwenye shafti zikae humo, halafu nati ya kufungia juu yake. Kipande kimoja nimetumia shafti inayoingia ndani ya nyingine, ili siku ya ajali isinifuate kifuani.

Kabla ya kufunga draglinki moja kwa moja nilitafuta katikati ya boksi, unazungusha toka mwisho hadi mwisho unahesabu unarudi nusu. Hapo katikati boksi inabana zaidi na ndipo magurudumu yanatakiwa yawe yamenyooka, ukiweka pembeni utakuwa na pleyi kwenye barabara iliyonyooka utalaumu boksi bure. Vizuizi vya mwisho wa kukata niliviweka kwenye spindeli zigonge ekseli, boksi isiwe ndo inayozuia.

Kasta (kingpini kuinama nyuma kwa juu) digrii 6, magurudumu mbele yameingia ndani milimita 3, na rangi nyeusi ya kawaida juu ya kila kitu. Kuna jamaa alitaka nipige kromu, nikamwambia hapana, kromu ya umeme inaweza kuingiza haidrojeni kwenye chuma, hasa kile kigumu, kikawa cha kukatika, na pia ufa kwenye rangi unauona mapema.

Barabarani inaenda, inarudi katikati yenyewe ukitoka kwenye kona, na kwenye mashimo usukani unatulia. Tatizo ni kupaki, nzito. Ningeweza kufupisha mkono wa boksi, ingekuwa nyepesi lakini mizunguko inaongezeka na kona ya mwisho inapungua, na sikutaka kupoteza ile kona niliyoitafuta kwa uzi. Nimetoa usukani wa sentimita 35 nimefunga wa 40, imesaidia vya kutosha, ila sasa unagusa goti langu la kulia nikikanyaga breki, kwahiyo kinachofuata ni siti.