Karatasi ya Mwembeyanga

Jumamosi ya 15 Septemba 2007 nilikuwa uwanja wa Mwembeyanga, Temeke, Dar es Salaam, Dk. Willibrod Slaa, Katibu Mkuu wa chama cha upinzani cha Chadema, aliposoma majina ya watu 11 ambao upinzani uliwatuhumu kwa ufisadi. Nilikuwa na ukurasa niliouchana kwenye daftari. Niliuegemeza mgongoni mwa jamaa aliyekuwa mbele yangu nikayaandika majina yote, jina baada ya jina, huku umati ukizizima. La Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa wakati huo, lilikuwemo. Nikaikunja karatasi mara nne, nikaitia kwenye pochi. Wiki ile ile nikachukua kadi ya Chadema.

Karatasi hiyo niliisoma kila mahali. Kijiweni, kwenye daladala, hata msibani watu wakisubiri maiti. Lowassa alipojiuzulu Februari 2008 kwa sakata la Richmond, lile la mkataba wa umeme wa dharura, niliiona kama hati ya ushindi. Kwa karatasi hiyo nilimpata Babu, fundi cherehani wa Tandika, mzee asiyekuwa na chama tangu TANU. Alinisikiliza siku tatu mfululizo ndipo akasema, "Haya, nipe hiyo kadi." Toka hapo bendera zote za tawi letu alizishona yeye, na hakuwahi kutudai hata hela ya uzi.

Julai 2015 CCM, chama tawala, ilikata jina la Lowassa kule Dodoma kwenye orodha ya waliotaka kugombea urais, ikamteua John Magufuli. Jumanne ya tarehe 28, Lowassa akahamia kwetu, na siku chache baadaye akawa mgombea urais wa UKAWA, umoja wetu wa vyama vya upinzani. Mtaani wakasema tumebadili gia angani. Mimi nilikuwa katibu wa tawi, na ilinipasa kuwaeleza wanachama.

Tulikutana jioni, uani kwa mwenyekiti. Mikutano yetu ilizoea watu ishirini; siku hiyo walifika zaidi ya sitini, wengi na kadi mpya kabisa, wengine waliokuwa CCM wiki iliyotangulia. Furaha ile siwezi kuikana. Nilikuja na hesabu. Kwenye urais wa mwaka 2010 Dk. Slaa, mgombea wetu, alipata kura milioni 2.2 na Kikwete wa CCM milioni 5.2. Pengo la milioni 3, nikawaambia, halizibwi kwa kusoma majina uwanjani. Linazibwa na mtu mwenye watu wake ndani ya CCM, anayekubalika kijijini ambako sisi hata tawi hatuna. Niliamini kila neno. Bado naamini hesabu ile haikuwa ya uongo.

Babu akanyoosha mkono.

"Mwanangu, ile karatasi unayo?"

Ilikuwa mfukoni. Nikasema ninayo.

"Tusomee."

Sikuisoma. Nikamjibu kwamba Lowassa mwenyewe daima alikana, alisema alijiuzulu kwa kuwajibika, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Lilikuwa jibu la kweli. Lakini mwaka 2007 mimi sikuwa nimeisubiri mahakama, na Babu alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale uani.

"Basi kuna mtu anadaiwa radhi," akasema taratibu. "Kama hana kosa, mwombe radhi yeye, maana umemsema miaka minane. Kama analo, tuombe radhi sisi uliotuita kwa ajili hiyo. Chagua, mwanangu. Ukishachagua nitamshonea bendera."

Kijana mmoja akaanza "Mabadiliko!" na uani kote wakaitikia "Lowassa!" Sauti zikapanda, nami nikaziacha zipande. Hapo ndipo ninapojilaumu. Kumpokea mtu anayeweza kushinda ni siasa halali, chama hakiundwi ili kishindwe kwa heshima. Ila lile swali lilihitaji jibu kabla ya wimbo, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika mkutano. Babu aliweka kadi yake juu ya meza, akachukua baiskeli, akaondoka. Usiku huo niliitoa karatasi kwenye pochi nikaichana.

Kampeni zilikuwa mafuriko ya watu kweli. Lakini kila nilipopanda jukwaani nilijikuta nazunguka neno moja, ufisadi, kama mtu anayekwepa shimo nyumbani kwake. Magufuli akaliokota. Akaahidi mahakama ya mafisadi, na watu wale wale wa Temeke wakampigia makofi kwa maneno tuliyowafundisha sisi. Dk. Slaa alikuwa ameshang'atuka. Tarehe 25 Oktoba Lowassa akapata kura 6,072,848, asilimia 39.97, kiwango ambacho hakuna mgombea urais wa upinzani aliyekuwa amekifikia. Jimbo letu la Temeke likachukuliwa na CUF, wenzetu wa UKAWA. Nililia kwa furaha usiku ule, na anayesema hatukupata kitu hakuwa nasi.

Machi 1, 2019, Lowassa alirudi CCM. Kesho yake nikaenda Tandika na kadi ya Babu, niliyokuwa nimeitunza kwenye kasha la risiti za tawi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba." Alisimamisha cherehani, akaipokea kadi, akaifuta vumbi kwa kanga ya mteja. Hakumtaja Lowassa.

"Na ile karatasi ya Mwembeyanga," akauliza, "ungali nayo?"

Nikamwambia niliichana. Akaitikia kwa kichwa, akaiweka kadi kwenye droo ya cherehani, akakanyaga pedeli.