Kumbukumbu ya mradi: kivuli cha saa 10 jioni viwanja vya Dar

Jedwali la kukadiria saa ya kivuli limekubali. Wiki tatu lilikuwa linaahidi kivuli saa 11:30 na jua linaendelea kutoboa macho mpaka kipenga cha mwisho, na kosa halikuwa la jua wala la saa.

Kwa anayeingia leo: mradi ni kupita viwanja vya Dar es Salaam kimoja kimoja (Mkapa, Uhuru, Chamazi, KMC pale Mwenge, Karume) na kujibu swali moja. Mechi ya saa 10 jioni, tiketi ya mzunguko (ile ya bei ya chini), ukae wapi usichomwe? Jukwaa la magharibi linajulikana, ila mara nyingi ndilo la VIP na bei yake inajulikana pia. Hesabu hii ni ya sisi tunaobaki upande wa mashariki.

Kwanza paa, maana linadanganya wengi. Paa lililo juu yako linakukinga pale tu jua lipo juu kuliko pembe kati ya jicho lako na ukingo wa paa. Ukingo ukiwa mita 12 juu ya jicho na mita 9 mbele yako, pembe ni nyuzi 53. Jua la Dar saa 10 jioni liko nyuzi 29 mwishoni mwa Juni, 35 mwishoni mwa Desemba, na halizidi 40 wakati wowote wa mwaka. Kwa hiyo linapita chini ya paa kama mgeni aliyekuta mlango wazi. Anayelipia zaidi ili akae "chini ya paa" upande wa mashariki amenunua kinga ya mvua.

Kinachokuokoa ni jukwaa la mbele yako. Chukua ukingo wa paa la magharibi ulio mita 25 juu ya jicho lako, umbali wa mita 150: pembe ni nyuzi 9.5. Juni jua linashuka hapo saa 11:30, kama dakika ya 73 ya mchezo. Desemba linafika hapo saa 11:51, watu wanatafuta daladala.

Sasa kosa lenyewe. Ile mita 150 ilipimwa kukata uwanja moja kwa moja, mashariki kwenda magharibi, lakini jua la Juni haliko magharibi. Saa 11:30 liko uelekeo wa nyuzi 295, yaani nyuzi 25 kaskazini ya magharibi. Mstari wa jicho hadi jua unakata uwanja mshazari: umbali unakuwa mita 165, pembe inashuka hadi 8.6, na kivuli kinachelewa kama dakika nne. Dakika nne zinavumilika. Balaa ni kwamba mstari huo ukifika upande wa pili umeshasogea mita 70 kuelekea kaskazini. Jukwaa kuu lenye urefu wa mita 100 linaishia mita 50 kutoka katikati. Ukikaa usawa wa duara la kati, mstari wako unapita nje ya jukwaa, kwenye pengo la kona, na jua linakuja lote kama lilivyo.

Hesabu ikirudiwa hivyo, jibu la Juni ni hili: kaa kusini ya mstari wa kati kwa mita 20 au zaidi, tuseme kati ya duara na boksi la goli la kusini. Kiti cha upande wa kaskazini, hata kiwe kizuri namna gani, kinaungua hadi mwisho. Desemba upande unageuka, jua likiwa nyuzi 23 kusini ya magharibi. Machi na Septemba, saa 10 jioni, liko karibu nyuzi 275, na hapo upande haukusumbui sana. Pale Mkapa, penye viti 60,000 na paa lililozunguka, pengo la kona halipo na hesabu ya kizamani inakosea dakika chache tu. Wanaoumia ni wa viwanja vyenye jukwaa moja refu na mengine mafupi.

Namba hizi ni za uwanja uliolala kaskazini–kusini sawasawa. Kama umepinda, pata mhimili wake kwanza. Usitumie dira ya simu ukiwa jukwaani: nondo na mabomba ya chuma yanaivuta, na kava lenye sumaku linaharibu zaidi. Fungua Google Earth, vuta rula kutoka katikati ya goli moja hadi jingine, usome uelekeo.

Kupima pembe ya paa, kipimausawa cha simu kinatosha ukikisahihisha: laza simu mezani, soma, igeuze nyuzi 180, soma tena, na wastani wa namba hizo mbili, ukizingatia alama za + na −, ndio kosa lake. Lakini kipimapembe cha mkebe wa hesabu, mrija na uzi bado ndicho kifaa kisichogombana na mtu. Lenga ukingo wa paa, usilenge jua. Mwisho wa uzi weka sarafu ya 200 kwa selotepu badala ya nati, maana nati getini inahitaji maelezo na sarafu ni hela yako. Jua lenyewe lipime kwa kivuli: kijiti cha mita 1 kilichosimama wima hutoa mita 1.78 saa 10 jioni mwishoni mwa Juni.

Kilichofuata kilikuwa Karume. Kimeahirishwa, kwa sababu namba hizihizi zimeonyesha kitu kitamu zaidi kwenye viwanja vya ndondo (soka la mtaani) visivyo na jukwaa: kipa. Juni, kipa wa goli la kusini akigeukia krosi ya winga wa kulia wa wapinzani, anatazama jua usoni. Wa kaskazini krosi zote zinamkuta jua likiwa nyuma ya bega au pembeni. Kipindi cha pili jua limeshuka, hali ni mbaya zaidi. Nahodha aliyeshinda sarafu basi achague kushambulia goli la kaskazini kwanza, ili baada ya mapumziko kipa wa wapinzani ndiye awe kusini. Desemba afanye kinyume. Kwa sasa inahesabiwa mipira iliyoponyoka mikononi, goli la kusini na la kaskazini, kipindi kwa kipindi. Daftari lina safu nne na kurasa mbili zimejaa.