Mjomba, kwa hiyo ameshapona?

Jana jioni nilikaa na mpwa wangu wa kidato cha pili tukipambana na usemi wa taarifa wa Kiingereza. Kwetu mtu akisema "Ninaumwa", unapeleka habari: "Alisema anaumwa." Basi. Kiingereza hakikubali kirahisi hivyo. "I am ill" inakuwa "She said she was ill", "have eaten" inageuka "had eaten", "will" inakuwa "would", na hata "tomorrow" inahamia "the next day".

Binti akaniuliza, "Mjomba, kwa hiyo ameshapona?" Swali zuri kweli! Hiyo "was" haisemi kapona, inaifuata tu "said". Ukianza na "She says", hakuna kinachorudi nyuma: "She says she is ill."

Kinachoniudhi ni mazoezi yanayolazimisha kila kitenzi kirudishwe nyuma. "The teacher said that the earth goes round the sun" haina kosa lolote, maana dunia haijaacha kuzunguka. Hata "He said he lives in Mombasa" ni sawa kama bado anaishi huko. Ila kwenye mtihani andika "lived" tu, mwanangu, uchukue alama zako.